Mkeka wa harusi na jicho la shangazi

Shangazi yangu wa Tanga anasuka mikeka tangu usichana wake, na sukari anayo miaka mingi, vidonge anameza lakini akijisikia vizuri anasema imeshuka anaacha. Kilichotushtua sisi ni mkeka. Alikuwa anasuka wa harusi ya binti wa jirani, ukili wa kijani na wa bluu umeingiliana hovyo, na yeye anauona uko sawa kabisa. Tukimwambia anakuwa mkali, eti nyie ndo hamuoni.

Nikamchukua nikaja nae Dar kwenye kliniki ya macho. Nesi akamkalisha mita 6 kutoka kwenye ile chati ya E zilizogeuzwa huku na huku, unaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi. Jicho la kulia likasoma 6/24, yani kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 24, yeye mpaka kiwe mita 6. Wakampa kibao chenye vitundu achungulie, maana kama shida ni ya miwani hapo kunakuwa na nafuu, yeye hakupata nafuu yoyote. Nesi akaandika tu akanyamaza, mi moyo ukaanza kwenda mbio.

Akawekewa matone ya kupanua mboni, afu kipimo cha OCT, mashine inayopiga picha ya ndani ya jicho tabaka kwa tabaka. Daktari akatuonyesha picha, akasema katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, panatakiwa pabonyee kidogo, sa kwa shangazi palikuwa pameinuka na ndani kuna vimifuko vyeusi vya maji, sukari imechosha mishipa midogo ya damu mpaka inavuja, na pale katikati ndipo tunapoonea vitu vidogo. Nikamwambia habari ya mkeka. Aliacha kuandika akamgeukia shangazi akamuuliza rangi zipi, mchana au usiku, na uzi kwenye sindano je, akasema kuchanganya bluu na kijani kunawatokea wenye sukari na kunaweza kuanza hata kabla chati haijashuka. Akaiandika kwenye faili. Nilimpenda hapo hapo yule daktari, kwa sababu chati ni herufi nyeusi kwenye weupe, na kazi ya shangazi haifanani na hiyo kabisa.

Tiba ni sindano. "Ndani ya jicho? Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikamshika mkono, sikuwa na jibu.

Dawa ni Avastin, asili yake ya kansa ya utumbo, kwenye jicho inaingia kidogo sana, inazuia kile kinachofanya mishipa ivuje. Daktari alitwambia wazi kwamba utafiti mkubwa wa Marekani wa 2015 ulikuta kwa jicho lililoshuka kama la shangazi, Eylea, dawa nyingine ya kuchoma kwenye jicho, ilifanya vizuri zaidi mwaka wa kwanza, ila bei yake ni mbali mno. Tukapiga hesabu pale pale kwenye benchi, tukachagua Avastin, na mpaka leo naona tulichagua sawa, kwa sababu Eylea tungemudu mara moja tu afu basi, na hii sindano inataka kurudiwa kila mwezi mwanzoni.

Matone ya ganzi, iodini, kichuma cha kushikilia kope, "mama angalia juu", imeisha. Shangazi akatoka anasema iodini ndo iliyomuwasha, sindano yenyewe kaisikia kama mtu kamgandamiza tu.

Tuliporudi rudi kwa miezi kadhaa jicho likapanda mpaka 6/12, maji kwenye picha yakapungua sana. Nesi alifurahi, mi nilifurahi, shangazi akamuuliza daktari mbona kwenye taa bado kijani kinamchanganya. Daktari akamwambia rangi inaweza isirudi yote, asuke mchana, na sukari aishike maana sindano haishushi sukari. Sa hivi ukili anapanga asubuhi barazani, mjukuu anamfungia mafungu kila rangi peke yake, na vidonge anameza hata akijisikia vizuri.