Clouzot kwenye skrini kubwa, Lyon

Tamasha la filamu la Lumière la mwaka 2017 lilizirudisha filamu za mwongozaji Mfaransa Henri-Georges Clouzot kwenye skrini kubwa, na bado nimeduwaa.

Usiku mmoja niliangalia Le Salaire de la peur ya 1953, ile iliyochukua tuzo kuu kwenye matamasha ya filamu ya Cannes na Berlin mwaka huohuo. Wanaume wanne, malori mawili, shehena ya kilipuzi cha nitroglisirini, barabara mbovu. Basi! Mtikisiko mmoja tu na wamekwisha. Jirani yangu alikuwa ameshika kiti kama abiria wa basi lililokatika breki. Hadithi ni ya Amerika Kusini lakini ilipigwa picha kusini mwa Ufaransa, na huwezi kugundua.

Iliyoniuma zaidi ni Le Corbeau ya 1943. Barua zisizo na jina zinauvuruga mji mdogo mpaka kila mtu anamshuku mwenzake. Kwa kuwa aliitengenezea kampuni ya Wajerumani wakati walipoikalia Ufaransa, baadaye Clouzot alipigwa marufuku kutengeneza filamu, hadi 1947. Kwangu mimi hiyo ni filamu inayowaumbua wachongezi waziwazi, na iliwafaa sana watu wa wakati ule.

Msikose pia filamu yake nyingine, Les Diaboliques. Na asiwasimulie mtu mwisho wake!