Wakuu Waliokataa Kutia Shingo Kazini

Somo: Nehemia 3:1-12, 27; 5:1-19

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Sura ya 3 ya Nehemia huwa tunaipita mbio. Ni majina, malango na minara, na mengine ya majina hayo hata kuyatamka ni shida. Wiki hii naomba tuisome polepole. Nehemia, liwali aliyetumwa na mfalme wa Uajemi, anawaongoza watu kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu uliobomolewa. Makuhani wanajenga. Mafundi wa dhahabu, ambao mikono yao haikuzoea mawe, wanajenga. Watengeneza manukato nao wamo. Shalumu, kiongozi wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, anajenga pamoja na binti zake. Kila kundi lina kipande chake, na kinapoishia kipande cha huyu ndipo kinapoanzia cha mwenzake.

Halafu unafika mstari wa 5. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kutia shingo kazini. Hatuambiwi kama ni kiburi, au woga, au waliona kubeba mawe si hadhi yao. Imeandikwa hivyo tu, na imebaki hivyo hadi leo. Kinachonishangaza zaidi ni mstari wa 27: watu wale wale wa Tekoa, wakiisha kumaliza sehemu yao, wanachukua nyingine. Wananchi wamebeba mara mbili. Wakuu hawajabeba hata mara moja.

Tuitazame dunia kwa jicho hilo. Septemba 2015, nchi zote 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu: kuondoa umaskini na njaa, kufikisha maji safi kwa kila mtu, kutunza bahari na misitu, na mengine, yote yatimie ifikapo 2030. Ripoti ya Umoja huo ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizoweza kupimwa ndizo zilizokuwa zikienda sawasawa, na zaidi ya theluthi moja zilikuwa zimesimama au kurudi nyuma. Wapo wanaotaja korona na vita. Kwa sehemu ni kweli. Lakini lengo la nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao la taifa kuzisaidia nchi maskini lilipitishwa mwaka 1970, zamani kabisa, na hadi leo nchi zilizowahi kulifikia unaweza kuzihesabu kwa vidole. Wakati huohuo wakulima wanapanda miti, walimu wanafundisha madarasa yaliyojaa kupita kiasi, akina mama wanachangishana kuchimba visima. Ukutani watu wapo.

Wala tusiseme haiwezekani. Mwaka 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal kuacha kemikali zilizokuwa zikiharibu tabaka la ozoni, lile linalotukinga na miale mikali ya jua. Nchi maskini zilipewa miaka 10 zaidi ya kujipanga, kisha ukaanzishwa mfuko ambao nchi tajiri zilichangia ili wenzao waweze kubadili viwanda na majokofu yao. Kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa imeridhia mkataba ule. Wanasayansi wanatarajia tabaka hilo lipone katika sehemu kubwa ya dunia kufikia karibu mwaka 2040, na juu ya Antaktika karibu 2066. Mwenye nguvu alibeba zaidi, mnyonge akapewa nafasi, na kazi ikaenda. Sioni siri nyingine pale.

Ila sura ya 5 ndiyo inayonisumbua. Ukuta ungali unajengwa, mara kilio kinasikika, tena si cha adui. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka. Wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Watoto wao wanatiwa utumwani. Wanaowadai ni ndugu zao. Leo watu zaidi ya bilioni 3 wanaishi katika nchi ambazo serikali zao hutumia fedha nyingi zaidi kulipa riba ya madeni kuliko kwenye afya au elimu. Na tuwe wakweli: baadhi ya mikopo hiyo ilichukuliwa kwa jina la wananchi ikaishia mifukoni mwa wakubwa wao wenyewe. Mkopeshaji ana hesabu ya kutoa, na mkopaji vilevile.

Nehemia alifanya nini? Alikasirika, kisha akatafakari moyoni kabla ya kusema. Hilo peke yake ni somo kwa viongozi wengi. Akawakabili wakuu mbele ya kusanyiko zima. Hakujitoa katika hesabu: alisema waziwazi kwamba yeye na watumishi wake nao walikuwa wamewakopesha watu, akataka wote waache riba na kurudisha mashamba. Akawaapisha mbele ya makuhani, maana ahadi tupu alizijua. Yeye mwenyewe, kwa miaka 12 ya uliwali wake, hakula posho aliyostahili kwa cheo chake, kwa kuwa aliona mzigo wa watu ni mzito. Huyo ndiye kiongozi aliyeweza kuwaita watu wote wajenge, na wakaja.

Wiki hii, katika vikundi vyetu vya maombi, tuwataje mbele za Mungu wanaokaa kwenye meza za mikataba ya madeni na ya tabianchi, wa nchi tajiri na wa nchi maskini. Na mwenye nafasi ya kupiga kura, kumwandikia mbunge wake au kuuliza swali kwenye mkutano wa hadhara, aulize: ile ahadi mliyotia saini, sehemu yetu imefikia wapi?

Tuombe. Bwana, uliyemfungulia Nehemia mlango kwa mfalme, wape wenye mamlaka masikio ya kusikia kilio cha wadaiwa. Wafungue mikono wenye nacho. Watie nguvu waliokwisha kubeba sehemu ya pili. Kwa jina la Yesu, amina.