Dawa ya bibi yetu na kuvimba kwa ubongo

Tangu daktari athibitishe kwamba bibi yetu hapa Langoni, Lamu, ana ugonjwa wa Alzheimer, unaofifisha kumbukumbu, jamaa walio ng'ambo hawaishi kunitumia habari za dawa ya ugonjwa huo iitwayo lecanemab na kuuliza kwa nini hatumtafutii.

Dawa anayomeza sasa, donepezil, haigusi chanzo cha ugonjwa; huzuia tu kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe baina ya seli za ubongo. Alipokuwa akiimeza usiku, alishtuka usingizini akimwita marehemu babu afunge jahazi. Daktari akaihamishia asubuhi, baada ya chai na mofa, na ndoto zikapungua.

Lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, ni kingamwili inayotiwa mshipani, ikajibandika kwenye amiloidi, protini inayorundikana ubongoni katika ugonjwa huu, ili seli walinzi za ubongo ziisafishe. Katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kwa asilimia 27 kasi ya kudhoofika kwa wagonjwa, jambo ambalo kwangu si dogo wala si muujiza. Lakini amiloidi iliyo kwenye mishipa ya damu inapoondolewa, mishipa hiyo huweza kuvuja, na takriban asilimia 13 ya waliopewa walionekana wamevimba ubongo, wengi wao bila kuhisi lolote, ndiyo maana picha za MRI ni za lazima.

Bibi ameshapita hatua za mwanzo zinazolengwa na tiba hiyo, tena anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo huongeza hofu ya kuvuja damu ubongoni. Nimewaeleza jamaa hivyo, nikawaomba fedha walizokusudia zimlipe msaidizi wa usiku.