Nani Anashika Kisu?

Idara nyingi za upasuaji za vyuo vikuu huhesabu wanawake na watu wa jamii ndogo siku ya kuwapokea, kisha hesabu inaishia hapo. Mimi naona, kama idara inataka wapate nafasi sawa ya kujifunza, pa kuanzia ni daftari la upasuaji, yaani orodha ya operesheni alizoshiriki kila mmoja. Kila miezi 3, pitia la kila anayesomea ubingwa: operesheni ngapi alipasua mwenyewe, ngapi alishika tu vyuma vya kupanulia jeraha? Linganisha walio mwaka mmoja. Pengo likionekana, rekebisha ratiba ya mwezi unaofuata. Semina haimwongezei mtu operesheni.

Halafu ingia chumba cha upasuaji chenyewe. Glavu za namba 5.5 na 6 zipo, au zinaanzia 7? Mwenye mkono mdogo akivaa 7, ncha za vidole vya glavu zinajikunja, fundo la uzi linamponyoka, kisha anaambiwa hana mikono ya upasuaji. Inauma, maana kosa ni la stoo. Kwenye upasuaji wa kamera, shusha meza hadi mishikio ya vifaa ilingane na viwiko vya anayepasua. Mfupi awekewe kibao cha kusimamia. Aproni za kukinga eksirei ziwe na kinga ya kwapa, kwani za kawaida huacha wazi sehemu ya titi. Mwenye hijabu apate kofia inayofunika hadi shingoni.

Kwenye usaili, maswali yawe yaleyale kwa wote, na kila msaili aandike alama zake kabla ya mjadala. Wakianza kwa kuzungumza, kauli ya mkuu wa idara huwavuta wote.