Kolaji ya Kutafakari kwa Karatasi za Nyumbani

Kolaji ni picha inayotengenezwa kwa kubandika vipande vya karatasi. Bili, bahasha zilizochanwa upande mmoja, kijikaratasi cha maelezo ya dawa, daftari lililojaa, orodha ya vitu vya kununua. Kwa kazi ya aina hii usichague karatasi kwa uzuri wake. Chagua ile ambayo ukiitazama unaikumbuka siku yake. Vipande saba au nane vinatosha picha ya ukubwa wa A4. Vikizidi, jicho halijui litue wapi. Kurt Schwitters, msanii Mjerumani wa kolaji, alikuwa akibandika hata tiketi za tramu zilizokwisha kutumika, kwa hiyo usiidharau karatasi yoyote.

Hata hivyo, kuna karatasi zinazosaliti. Risiti za mashine za dukani hazina wino; maandishi yake hutokea kwa joto. Ukiipiga pasi inakuwa nyeusi, ukiiacha juani inabaki tupu. Itoe nakala kwa mashine ya leza, ubandike nakala hiyo. Chapa ya printa ya wino wa maji nayo huchuruzika ikiguswa na gundi, basi ijaribu kwanza pembeni kwa kidole chenye maji. Gazeti hugeuka manjano kwa sababu ya lignini iliyomo, kitu cha asili kitokacho kwenye mti. Kama unataka picha ionekane inazeeka, hilo ni jambo la kufurahia.

Kitako kiwe katoni. Hapa ndipo wengi huharibu: karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hunywea na kuivuta katoni ipinde kama kigae. Dawa yake ni kubandika karatasi nyingine mgongoni siku hiyohiyo, kwa gundi ileile, ili pande mbili zivutane sawa.

Gundi nyeupe changanya sehemu 2 kwa sehemu 1 ya maji. Ukikosa, pika uji wa kijiko 1 cha unga wa ngano kwa vijiko 5 vya maji hadi uwe mzito, uuache upoe. Uji huu huota ukungu, kwa hiyo pika wa kutumia siku hiyo tu, na picha ikaushwe penye hewa.

Rarua kwa mkono badala ya mkasi. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi: ukiufuata, mpasuko hunyooka, ukienda kinyume chake, hupinda ovyo, na upindaji huo mara nyingi ndio mzuri zaidi. Paka gundi mgongoni mwa kipande, subiri kama nusu dakika kilegee, ndipo ukilaze na kukisukuma kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda nje. Ukikilaza kabla hakijalegea, kitaendelea kutanuka kikiwa kimeshika, na mikunjo haitatoka tena. Kiputo kidogo cha hewa kitoboe kwa sindano, ukikandamize.

Sasa sehemu ya kutafakari yenyewe. Kabla ya kubandika chochote, andika kwa penseli juu ya katoni lile usilotaka lisomwe na mtu. Bandika juu yake. Vikikauka, pitisha rangi nyeupe ya akriliki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha futa upesi kwa kitambaa pale unapotaka maandishi ya bili au daftari yachungulie. Acha usiku mzima. Kesho yake sugua taratibu kwa msasa namba 240, sehemu chache tu: tabaka la juu linaliwa, la chini linajitokeza, pengine neno moja la penseli likaonekana na mengine yakabaki yamezikwa. Ukiwa na haraka ukasugua kabla ya kukauka, karatasi itatoka vipandevipande kama makombo, na hapo hakuna la kufanya ila kubandika upya.

Mwisho ifunike kwa karatasi ya kuokea, uweke vitabu vizito juu yake hadi asubuhi. Ukiitia kwenye fremu, acha nafasi kati yake na kioo, maana gundi nyeupe hulainika kwenye joto na hunata.