Stima ya saa nane usiku hutoka wapi

Ukitaja nishati jadidifu, yaani ile isiyoisha kama jua na upepo, hapa Kenya mtu anawaza sola tu, ile paneli juu ya mabati na betri imewekwa kona. Sola ni poa sijakataa, lakini sehemu kubwa ya stima tunayotumia haitoki juani, inatoka chini ya ardhi pale Olkaria karibu na Naivasha, na watu kibao wanaenda mbuga ya Hell's Gate hapo hapo kupiga picha na zile bomba kubwa za mvuke bila kujua ndizo zinaendesha friji zao nyumbani.

Wanachimba kisima kilomita mbili hadi tatu hivi kwenda chini, huko maji yamekaa kwa miamba moto ya Bonde la Ufa, sehemu zingine yanapita nyuzi 300, sasa yakipanda presha inapungua na mengine yanageuka mvuke. Kinachotoka juu ni mchanganyiko so lazima mvuke utenganishwe na maji, mvuke unaenda kuzungusha tabaini, ile mashine ya mapanga inayoendesha jenereta ya stima, maji yanarudishwa chini kwa kisima kingine ili huko ndani kusikauke. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1981, megawati 15 tu (megawati ni kipimo cha nguvu ya stima), leo mitambo yote ya mvuke jumla inakaribia 1,000. Na mvuke haujui mchana wala usiku, haujui mvua wala kiangazi, hapo ndio raha yake.

Linganisha na maji. Mabwawa ya mto Tana, kina Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndiyo yalikuwa tegemeo letu miaka mingi, halafu ukame ukaja mwaka 2000 hivi tukagawiwa stima kwa zamu, wenye umri wangu mnakumbuka. Lakini bwawa lina kitu ambacho jua na upepo hauna, unaweza kuyazuia maji mchana ukayafungulia saa moja jioni watu wakirudi nyumbani wote kwa pamoja, wanawasha taa, pasi na tivi.

Upepo nao ni stori yake. Kule Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365, jumla megawati 310, ilikuwa imesimama tayari 2017 lakini laini ya kuleta stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekwisha, kwa hiyo mapangaboi yakabaki yametulia mpaka Septemba 2018 na nchi ikatakiwa kulipa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikumfikia mtu. Ndio maana mtu akinitajia megawati tu namuuliza laini iko wapi, na hiyo stima inakuja saa ngapi.

Manake saa ndio shida kubwa. Jioni matumizi ya nchi nzima yanapita megawati 2,000, ikifika saa nane usiku yameshuka karibu nusu. Na upepo wa kule Loiyangalani unapenda kuvuma kwa nguvu usiku huo huo! Gridi, yaani mtandao wa nyaya za stima wa nchi nzima, haina ghala, kinachozalishwa lazima kitumike hapo hapo, kikizidi au kikipungua mitambo inaanza kujitoa yenyewe na ndio hivyo giza nchi nzima. Kwa hiyo kuna usiku mvuke wa Olkaria unaachiliwa hewani bure, mvuke ambao kisima chake kimechimbwa kwa pesa nyingi sana, halafu jioni ya kesho yake tunachoma mafuta kwa sababu kila mtu amewasha taa. Inauma kiasi.

Dawa moja ni betri kubwa za gridi, bado ni ghali ingawa bei imeshuka sana. Ingine ni kuuziana na majirani, tayari kuna laini ya kutoka Ethiopia na ingine imetuunganisha na Tanzania. Ile ninayoipenda mimi lakini ni kutafuta mteja wa usiku. 2023 ikawekwa bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na 8 usiku matumizi yakiwa yamepungua. Watu wanashangilia boda, sawa, lakini mimi ningeanza na mabasi ya mjini, betri yake ni kubwa, na saa nane usiku basi limeegeshwa tu halina kazi, na saa hiyo ndio Olkaria inatafuta pa kupeleka mvuke.