Achari ya Siki kwa Bustani za Arusha

Kila ifikapo mwishoni mwa Juni, bustani yetu hapa Arusha hutoa mboga nyingi kuliko tunavyoweza kula. Kabichi zilizopandwa wakati wa masika hukomaa zote kwa pamoja na nyingine huanza kupasuka, pilipili hoho huzaa kupita mahitaji ya nyumba, na nyanya, zikiwa zimecheleweshwa na baridi na mawingu yanayoshinda juu ya Meru, hubaki kijani kwenye mashina huku ugonjwa wa bakajani chelewa ukianza kushambulia majani. Kuzipeleka sokoni hakuna tija kubwa, kwa kuwa kila mtu amevuna wiki hiyohiyo, na mnunuzi anayepima kwa sado pale Kilombero au Tengeru anajua fika kwamba muuzaji hana pa kuzihifadhi. Ukitaka kumgawia jirani, naye anakuonyesha kabichi zake. Ndiyo maana kwetu miezi hii ni miezi ya achari.

Inapotajwa achari, wengi hufikiria ile ya pwani: embe mbichi au ndimu zilizokatwa, zikatiwa chumvi, zikaanikwa juani kwa siku kadhaa, kisha zikachanganywa na pilipili, viungo na mafuta. Mama yangu mdogo anayeishi Tanga huitengeneza hivyo, na sijaonja nyingine iliyoipita yake. Hata hivyo, ninashikilia kwamba njia hiyo haifai kwa mboga za bustani zetu za huku juu, na kwamba anayetaka achari ya kabichi, hoho na nyanya mbichi aipike kwa siki.

Sababu ya kwanza kila mkazi wa Arusha anaijua. Mwezi wa Julai jua hujitokeza mchana, tena likipenda, na mboga iliyokatwa ikianikwa katika hewa hiyo ya ubaridi na unyevu huota ukungu kabla haijakauka. Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo nzito zaidi. Embe mbichi na ndimu zina uchachu wake wa asili, na uchachu huo, ukisaidiana na chumvi, ndio unaoilinda achari ya pwani. Kabichi, karoti, hoho na maharage machanga hazina uchachu wa kutosha. Zikizamishwa kwenye mafuta ndani ya chupa iliyofungwa, zinampa bakteria aitwaye Clostridium botulinum mazingira anayoyataka, yaani mahali pasipo na hewa wala asidi, naye hutengeneza sumu kali ambayo huwezi kuitambua kwa kuonja au kunusa. Bakteria huyo hawezi kukua katika chakula chenye pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka kadiri chakula kinavyozidi kuwa kichachu) ya 4.6 au chini ya hapo, na kazi ya siki ni kuifikisha achari yote chini ya mpaka huo. Kwa hiyo siki si kionjo tu.

Soma lebo ya chupa kabla ya kununua. Siki inayofaa ni ile iliyoandikwa kuwa na asidi ya asetiki ya asilimia 5 au zaidi. Isiyoeleza chochote iachie kachumbari. Hali kadhalika, siki ya ndizi au ya nanasi inayotengenezwa nyumbani inaweza kuwa tamu sana kwa kula, lakini ukali wake hubadilika kila inapotengenezwa, na kwa kuhifadhi tunahitaji ukali unaojulikana. Ukiona achari ni chachu mno kwa kinywa chako, ongeza sukari. Usipunguze siki na usiongeze maji. Viungo ni uhuru wako kabisa. Kipimo cha siki si uhuru wako.

Kipimo changu ni hiki, kwa kikombe cha robo lita: vikombe 5 vya nyanya mbichi zilizokatwa vipande vidogo, vikombe 4 vya kabichi, vikombe 2 vya vitunguu maji na kikombe 1 cha hoho, jumla vikombe 12 vya mboga, kwa lita moja kamili ya siki, vikombe 2 vya sukari na theluthi ya kikombe ya chumvi. Ukitaka karoti, punguza kabichi kwa kiasi hichohicho ili jumla isizidi. Nyanya ziwe kijani, ngumu na nzima. Zilizotoka kwenye shina lililokwisha kuuawa na bakajani, au zenye mabaka ya kahawia, usizitie hata ukikata sehemu mbovu, kwa sababu ugonjwa hupunguza asidi ya tunda lenyewe. Hizo ni za kutupa, na nisingezitia hata kwenye mboji, kwa kuwa vimelea vyake vinaweza kurudi shambani.

Kazi yenyewe hasa ni ya jioni ya kutia chumvi, na hapo ndipo watu wengi hukosa subira. Mboga zote zilizokatwa huwekwa kwenye beseni, hunyunyiziwa chumvi, huchanganywa kwa mkono na kufunikwa hadi asubuhi. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, na asubuhi utakuta beseni lina maji ambayo usiku hayakuwepo. Mwaga maji hayo, kisha weka mboga kwenye kitambaa cheupe kisafi na ukamue kwa nguvu, fungu baada ya fungu, mpaka kitambaa kisitoe tena ila matone. Yanayokamuliwa ni maji ambayo yangebaki ndani ya mboga na kuidhoofisha siki chunguni. Tena, mboga iliyopoteza maji yake hubaki na mkwaruzo mzuri mdomoni hata baada ya kupikwa, ilhali ile iliyorukishwa hatua hii huwa teketeke kama mchicha uliolala. Chumvi ya kawaida yenye madini joto haina ubaya, ingawa inaweza kufanya mchuzi wake usiwe mwangavu sana.

Sufuria iwe ya stili au ya enameli isiyobanduka. Sufuria zetu za alumini zinazouzwa kila soko hazifai kuchemshia siki, kwa maana asidi hula alumini na kuacha ladha ya chuma. Chemsha siki na sukari kwanza, pamoja na viungo. Mimi hutumia sukari ya kahawia kutoka kiwanda cha TPC, pale Arusha Chini, kusini mwa Moshi, kwa sababu huipa achari rangi nzito, pamoja na vijiko viwili vya chai vya manjano, kijiko kikubwa cha haradali nzima, kijiko cha giligilani zilizopondwapondwa, kipande cha tangawizi na pilipili mbuzi moja iliyochanwa. Siki ikichemka, tia mboga, punguza moto na uache itokote kwa nusu saa, ukikoroga ili isishike chini. Fungua madirisha, mvuke wa siki huchoma macho na koo, na watoto wapumzike nje.

Kuhusu chupa, hapa mwinuko wetu unaingia kwenye hesabu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko zaidi ya mita 800, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Miongozo ya Marekani ya kuhifadhi vyakula nyumbani huongeza dakika 5 juu ya zile 10 zinazotosha usawa wa bahari, kwa maeneo yaliyo kati ya mita 300 na 1,800, na miji yetu yote miwili imo humo. Chupa za kioo zenye vifuniko vipya vya kuziba hujazwa achari ikiwa moto, ikiachwa nafasi ya sentimita moja juu, hufungwa, kisha huchemshwa kwa dakika 15 zikiwa zimezama kabisa majini. Zikipoa, katikati ya kifuniko pawe pamebonyea. Namna hiyo hukaa kabatini hadi mwaka, mbali na mwanga.

Wenye chupa za zamani za jamu wasijidanganye kuhusu vifuniko vyake, maana mpira wa ndani ukishatumika hauzibi tena sawasawa. Chupa hizo zioshwe, zichemshwe na kujazwa, lakini achari yake ikae kwenye friji na iliwe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Kwa nyumba ya watu wachache naona hii ndiyo njia nzuri zaidi, isipokuwa pale umeme unapokatika kila mara. Anayefikiria kuuza ajue kwamba kuuza ni safari nyingine: SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hufundisha usindikaji, na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ndiyo inayosimamia usalama wa chakula tangu 2019.

Iache achari itulie wiki mbili au tatu kabla ya kufungua, kwa sababu siku za mwanzo siki hupiga kelele na kuzima viungo vingine vyote. Nyama choma na pilau huipokea vizuri, jambo ambalo halimshangazi mtu. Mimi naipenda zaidi juu ya makande ya jioni, yale mazito yasiyo na nazi, ambapo kijiko kimoja kinatosha sahani nzima. Kwa mtori sikushauri.